Pesa za wanafunzi wa Uingereza, viroba vya Tengeru

Ninafundisha chekechea Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha. Kikundi cha wanafunzi wa sekondari kule Uingereza kilichangisha pesa kwa kuuza keki na kuosha magari, kikitaka kuinua lishe ya watoto wetu. Wakanitumia orodha: walete maziwa ya kopo na unga wa lishe, nami niwapigie picha za watoto waliokonda ili wachangishe zaidi.

Niliona wana moyo mzuri, kwa hiyo niliwajibu bila kuzunguka. Maziwa ya kopo, hapana: mtoto mchanga anatosheka na maziwa ya mama mpaka miezi 6, na kopo linadai maji safi na vyombo vilivyochemshwa kila anapolishwa. Unga ukiisha, umeisha. Na picha hizo sipigi. Mtoto huyo ana mama yake, na mama ana heshima yake.

Wakauliza, basi tufanye nini, mwalimu? Nikawaeleza kwamba Tengeru si jangwa. Jumatano na Jumamosi soko letu linafurika ndizi, maharage na parachichi. Lakini yai linauzwa dukani ili inunuliwe sabuni, maziwa yanachukuliwa na mchuuzi, na mtoto analala na ugali na mchuzi mwepesi. Ameshiba, na bado anadumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na wengi wao ukiwaona njiani huwezi kuwatambua.

Tukakubaliana tuanze na mboga ambayo mama hailipii, inayopandwa ndani ya kiroba, yaani gunia. Pesa ziliingia kwenye akaunti ya kikundi cha akina mama, risiti zikatumwa kwa mwalimu wa wanafunzi wale wa Uingereza. Kazi yenyewe niliwakabidhi wanafunzi wa kidato cha pili wa hapa hapa, rika la wale wa Uingereza.

Kiroba kinasimamishwa, ndani yake katikati unaweka kopo kubwa lisilo na kitako. Kopo unalijaza kokoto, pembeni unashindilia udongo uliochanganywa na samadi, kisha unalivuta kopo juu na kuanza tena mpaka kiroba kijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupandikiza miche. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, na hilo kiangazi ni jambo kubwa.

Tulipanda mchicha na mnavu. Vijana wale wa Uingereza walitaka kujua kwa nini nasisitiza karanga au parachichi kwenye sahani ya mboga. Ni kwa sababu vitamini A ya majani haipokelewi vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Walilishika hilo upesi kuliko watu wazima wengi.

Mbegu hatununui tena. Mnavu ukiiva, tunda jeusi linapondwa kwenye maji, maganda yanaelea, mbegu zinazama, zinaoshwa na kuanikwa kivulini. Bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyewafundisha wasichana wetu, nao wakawaonyesha wenzao kwa simu ya video.

Mchango wa pili ulipofika, akina mama wenyewe walichagua kuku, na sharti wakaliweka wao: mayai yanaanzia kwenye nyumba zenye mtoto wa chini ya miaka 2. Yanayobaki ndiyo yanakwenda dukani.