Siku moja ya mchora mabango, kutoka Mwanjelwa hadi Uyole

Saa 11:20 alfajiri

Julai ya Mbeya haina huruma na mtu wa rangi. Rangi ya mafuta inakuwa nzito kwenye kopo kama uji uliolala, na ukiipaka hivyo brashi inaacha mifereji ubaoni. Kabla sijabandika chai, natia maji ya moto kwenye beseni na kuweka humo makopo matatu, mifuniko imelegezwa, mbali kabisa na jiko. Yakishapata joto ndipo na mimi najimiminia kikombe changu.

Mimi ni mchora mabango. Wengine wanatuita mafundi maandishi. Nilianza 2011, nikiosha brashi za mzee aliyenifundisha pale Mafiati, na mwaka mzima ukapita kabla hajaniruhusu kugusa ukuta wa mtu. Watu wanadhani kazi hii ni mwandiko mzuri basi. Wakiniona nimesimama mbele ya ubao nusu saa bila kuchovya brashi, wanafikiri nasubiri hela ya rangi. Nimeandika haya kwa ajili ya ile nusu saa.

Saa 12:45 asubuhi

Kijana ninayemfundisha ananikuta Mwanjelwa, upande wa wauza nyanya. Tunakutana hapo kwa makusudi. Kuna mama mmoja anayepanga mafungu, tatu chini moja juu, ule upande wenye wekundu mzuri ukimwelekea mteja. Hapimi nafasi kati ya fungu na fungu, lakini ukisimama mbali meza yake yote unaisoma mara moja, wala macho hayakwami popote.

Nilimtazama miezi mingi kabla sijatambua kwamba anakiweza kile kilichonishinda mimi miaka ya mwanzo: nafasi. Mwanafunzi mpya hupima kwa rula, sentimita mbili, sentimita mbili, sentimita mbili, halafu neno linatoka na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Chukua neno MAVUNO. A na V zimelala kwa kuegemeana, kwa hiyo usipozisogeza karibu zinaacha uwazi mkubwa katikati. N yenye kuta zilizosimama inataka kupumua. Na ile O ya mwisho, ukiichora iguse tu mstari wa juu na wa chini, itaonekana fupi kuliko wenzake. Lazima uipitishe mstari kidogo, juu na chini, kwa sababu jicho hukipunja kitu cha mviringo. Haya hayaamuliwi na rula.

Nikamwambia kijana afungue daftari na achore zile nafasi, nyanya aziache. Alihangaika, akafuta, akarudia. Mama akatuuliza kama leo tumekuja kutazama tu. Tukanunua mafungu mawili, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, tukaondoka.

Saa 1:50

Daladala ya Uyole. Upanuzi wa barabara kuu umetuletea kazi, maana maduka yaliyorudishwa nyuma yanahitaji mabango mapya, ila umetuletea na vumbi. Vumbi na rangi mbichi havipatani. Kwenye foleni tulisimama nyuma ya lori la mizigo na nikanakili kwenye daftari michoro ya madigadi yake: pembetatu nyeupe zilizokatwa kwa mkono zikashikizwa kwa riveti kwenye mpira mweusi. Aliyezikata alijua zitatazamwa gizani, na mtu aliyechoka, kwa mwanga wa taa za gari. Ndiyo maana hakuongeza kitu kingine.

Saa 2:30, dukani kwa mteja

Duka la pembejeo. Ubao wa futi 8 kwa 4, tulioupaka nyeupe siku tatu zilizopita ili ukauke vizuri kwa baridi hii. Mteja ni mzee wa heshima, mkulima wa viazi mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa mfukoni karatasi aliyoikunja mara nne.

Karatasi ile naikumbuka yote. Jina la duka. Jina lake kamili. “Wauzaji wa mbegu bora za mahindi, viazi, maharage na mboga.” “Mbolea za kupandia na kukuzia.” “Viuatilifu vya aina zote.” “Mabomba ya kupulizia na vipuri vyake.” “Tunatoa ushauri wa kitaalamu.” “Karibuni wateja wote, Mungu awabariki.” Namba za simu tatu. Halafu picha: hindi, kiazi, ng’ombe, na mkulima anayetabasamu.

“Mzee wangu,” nikasema, “haya yote hayatasomeka.”

“Binti, mimi nalipa. Wewe andika.”

Sikubishana. Nilimwomba tuvuke barabara. Alikataa kwanza, akasema ana wateja, na kweli alikuwa nao, tukasubiri hadi saa tatu na kitu. Kisha tukavuka, mimi nikihesabu hatua, kijana akipima kwa futi kamba pale palipopimika. Kutoka ubaoni hadi kituo cha daladala upande wa pili, karibu futi 100. Nikamweleza hesabu aliyonifundisha mzee wangu: kwa kila futi 10 za umbali, herufi iwe na urefu wa inchi 1. Futi 100, inchi 10. Ubao wako una inchi 48 kwenda juu. Maneno yako ni mistari isiyopungua minane. Mistari minane ya inchi 10 ni inchi 80, na hapo sijaacha nafasi wala sijamchora ng’ombe.

Akatazama ubao mtupu kule ng’ambo. Akasema, “Basi punguza herufi.”

“Nikipunguza, anayeshuka hapa kituoni hataona kitu. Ataona ubao uliochafuka.”

“Jirani yangu ameandika yote.”

Jirani yake ameandika yote, ni kweli. Nilimwomba anisomee bango la jirani kutoka pale tuliposimama. Alisoma jina, akakunja macho, akasoma neno “na”, akanyamaza. Kisha akasema macho yake siku hizi si mazuri. Nikamwita kijana wangu, mwenye miaka 19, naye akashindwa.

Mtu angedhani tumemaliza. Hatukumaliza. Tulirudi dukani tukaanza kukata maneno moja baada ya jingine, na kila neno lilikuwa na utetezi wake. Viuatilifu havitoki kwa sababu faida iko huko. Ng’ombe hatoki kwa sababu ana mpango wa kuleta dawa za mifugo. Jina lake halitoki kwa sababu baba yake hakuwahi kuwa na duka. Hilo la mwisho lilinigusa, na nikamwambia jina litabaki, tutalitafutia mahali pake kwenye fremu ya mlango, kwa herufi ndogo, mteja alisome akiwa anaingia.

Kilichotuokoa ni khanga. Mke wake aliingia na chai akiwa amejifunga moja ya kijani na nyeupe, nikamwomba ruhusa nimwonyeshe mzee. Nikamwambia, mama amepita sokoni na nguo hii na kila mtu ameisoma. Tazama ilivyopangwa. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne na kuliambia jicho mwisho ni hapa. Kuna mji, katikati, wenye picha moja kubwa. Na kuna jina, maneno machache kwenye mstari mmoja, herufi kubwa tupu. Aliyebuni mpangilio huu alijua nguo itatembea, itakunjwa, itaonekana kwa sekunde chache. Bango lako halitembei, lakini wanaolisoma wanatembea.

Mzee akaishika ncha ya khanga ya mkewe kama anaiona mara ya kwanza. Mama akasema, “Si nilikwambia maneno yamezidi?” Hapo akakubali.

Tukabaki na jina la duka, MBEGU MBOLEA DAWA, namba moja ya simu, na hindi moja. Ilikuwa karibu saa tano, na sikuwa nimechovya brashi.

Halafu akasema anataka herufi nyekundu juu ya kijani.

Sikuwa na nguvu ya kueleza tena. Nilichukua kipande cha mbao, nikapaka kijani, juu yake nikaandika M nyekundu, nikapiga picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Ile M ikapotea. Nyekundu na kijani ni tofauti sana kwa rangi, lakini zile mbili zilikuwa na kiza sawa, na macho yakiwa mbali yanategemea zaidi tofauti ya mwanga na kiza. Alitazama simu, akatazama mbao, akaniuliza kama simu imeharibika. Nikampa apige mwenyewe. Kijani kilichokoza juu ya nyeupe, nikamwambia, na nyekundu tuiweke kwenye pindo tu.

Saa 5:30

Uzi wa chaki, mistari, brashi bapa. Hapa siku yangu inakuwa nzuri na sina mengi ya kusema. Mkono wa kushoto unashika fimbo ya kuegemea, wa kulia unashuka bila kusita. Jina inchi 14, mstari wa pili inchi 10, simu inchi 8.

Saa saba tukala ugali na maharage tukisubiri herufi zishike kidogo. Kijana akaniuliza ni lini tutanunua rangi za wasanii, zile za mirija alizoziona kwenye simu. Nikamsimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, huku huku kusini, aliyezaliwa 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam 1968, kwa rangi ya kung’aa ya baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa ujenzi. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo wake umebeba jina lake hadi leo. Hii unayoichovya, nikamwambia, ni ndugu ya rangi ile. Alinyamaza, kisha akaenda kusafisha shingo ya kopo bila kuambiwa.

Pindo nililitoa kwenye kikapu changu cha Iringa, ninachobebea brashi. Kimesukwa kwa milulu, na umbo lake la msumeno linazunguka mdomo mzima na kukutana na mwanzo wake bila jino kukatika. Nimekichunguza mara nyingi. Msusi alianzia kitakoni, katikati kabisa, na ilimpasa ahesabu mapema meno mangapi yatatosha mzunguko. Mimi pia nilihesabu: futi 8 ni inchi 96, meno ya inchi 4, meno 24 juu na 24 chini; pembeni inchi 48, meno 12 kila upande. Yakakutana kwenye kona zote nne. Umbo la jino tulilikata kwenye filamu kuukuu ya eksirei, maana haivimbi kwa rangi na unaifuta kwa mafuta ya taa. Meno 72. Kila jino unashika, unapaka, unainua, unafuta.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Upepo ulianza, na vumbi. Tulitundika shuka la zamani upande wa barabara, kijana akalishika kwa mikono miwili hadi mabega yakamtetemeka, tukabadilishana. Mgongo uliniuma kuanzia jino la arobaini. Punje za vumbi zilizotua kwenye M nilizitoa moja moja kwa ncha ya sindano. Wapita njia wawili waliniuliza kwa nini mwanamke anapanda ngazi, na mmoja akauliza mwenye kazi yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi, nikaendelea.

Jua lilikuwa limeshika mgongo wa mlima tulipoteremsha ngazi. Mzee akavuka barabara mwenyewe, bila kuombwa. Akasimama kituoni muda mrefu. Alivyorudi macho yake yalikuwa na furaha, na akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Kisha akasema, “Ila binti, maneno yamepungua. Tulipatana 120,000 kwa yale yote. Haya ni machache. Chukua 80,000.”

Nilikaa kwenye kopo lililo tupu kwa sababu miguu ilikataa. Nikamwambia kwamba yale maneno mengi ningeyaandika kwa nusu siku, bila kuvuka barabara, bila kumsumbua mama na khanga yake. Haya machache ndiyo yaliyochukua siku nzima. Nikamwambia pia kwamba viazi vyake akivipanga gunia kwa daraja, vidogo akavitoa, hauzi gunia kwa bei ya chini. Alifikiri. Alitoa 100,000, na 20,000 akasema nifuate kesho kutwa, nikija kuandika jina lake kwenye fremu ya mlango.

Nyumbani, saa 2 usiku

Brashi zimeoshwa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha nimezipaka mafuta ya kula na kuzinyoosha nywele kwa vidole. Binti yangu amechukua kikapu, anahesabu meno ya msumeno kwa kidole. Amefika thelathini na moja, amepoteza alipoanzia, anaanza tena.