Wacheni kwanza maua ya barabarani yakomae

Jamani hili limenikaa rohoni wiki nzima. Pale kwetu Bamburi, Mombasa, kabla hujafika stegi, kuna kipande cha ardhi kati ya lami na ukuta, upana wake kama hatua nne hivi, na masika ya mwaka huu yalikipendezesha ajabu. Mchunga ulikuwa umetoa maua ya njano, kuna na vile viua vya samawati vinavyofunguka asubuhi na ikifika saa sita vishajifunga, na nyuki kibao. Kila siku nikisubiri matatu nasimama hapo. Kulikuwa na mmea mmoja wa utomvu, ule ukivunja jani unatoa maziwa, na juu yake viwavi wanne wenye pete nyeusi, nyeupe na njano, mgongoni vipembe vyeusi laini jozi tatu. Hao ndio huwa wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa, na mtoto wao hali jani jingine, ni jamii hiyo ya utomvu tu, ukiikata hana pa kwenda.

Jumanne nafika, kumefyekwa kote mpaka udongo waonekana, majani yamelazwa palepale yanakauka. Roho iliniuma kwa kweli. Nikamwendea mzee mmoja kwenye wale vibarua, nikamwambia shikamoo mzee, mbona mmekata yote? Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Sisi tumeambiwa tukate, twakata. Hata mke wangu huchuma mchunga hapahapa." Simlaumu hata kidogo, aliyetoa amri ndiye hakuja kuangalia.

Sasa sisemi tuache msitu umee barabarani. Watu wanaogopa nyoka na vibaka na wana haki, na dereva wa tuktuk lazima aone kona. Kwa hivyo mita moja karibu na lami ikatwe kila mara, na kwenye makutano kote kuwe kufupi. (Mbu ni kesi nyingine, wao huzaa kwenye maji yaliyotuama, tuzibue mitaro kwanza.) Ile sehemu ya nyuma ndiyo naiombea, iachwe mpaka maua yafanye mbegu na mbegu zianguke, ndipo slasha zije.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukishakata, majani uyaondoe. Ukiyaacha yanaoza, yanarutubisha udongo, na udongo ukinona nyasi zinapanda juu zinayasonga maua, maana maua mengi ya porini huweza kushindana na nyasi kwenye ardhi ile maskini. Uingereza hili wanalihubiri sana, kuna shirika lao Plantlife linalozisukuma halmashauri zikate kidogo, zichelewe kukata, na zizoe kilichokatwa, maana wao walishapoteza asilimia 97 ya malisho yao ya maua tangu miaka ya 1930, kwa hivyo kando ya barabara pamekuwa kama kimbilio. Huko hukata mwisho wa kiangazi chao. Sisi tuna masika na vuli, naona tukate mara mbili, kila msimu ukishamaliza mbegu zake.

Halafu wengine wanasema ardhi yetu ni mawe matupu haiwezi kitu. Haller Park, ile hifadhi ya miti na wanyama, iko hapohapo jirani, ilikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha simiti, wakaanza kupanda miti mwaka 1971, mivinje ikashika na jongoo wakawa wanakula yale majani yaliyoanguka mpaka udongo ukatokea.

Majani ya kuzoa hayana shida, wafugaji wa mbuzi huku kwetu wanayahangaikia kila siku. Nimeshaongea na ami mmoja mwenye mbuzi saba, amesema akiambiwa siku ya kufyeka atakuja na mkokoteni wake. Nami naandika barua ya kupeleka kwa wahusika, kama unakaa pande hizi na ungependa kutia sahihi nitafute kabla ya Ijumaa. Ila nyinyi wenye mbuzi, ule mmea wa utomvu uchambueni utoke kwenye mzigo, una sumu kwa mifugo.