Passau hadi Budapest kwa meli, na hatukununiana

Watu wakisikia tulisafiri Ulaya kwa meli ya mtoni, kwenye mto Danube, cha kwanza huuliza bei. Kwetu pesa haikuwa shughuli: tuligeuza mchezo wetu wa kila mwezi kuwa mfuko wa safari, kijumbe nikawa mimi, mambo yakaenda. Shughuli ilikuwa kuwaweka pamoja wanawake waliolala bweni moja Tanga ujanani, ambao leo kila mmoja ana sukari, goti au msimamo wake. Mmoja alitokea Muscat, mwingine Hamburg, sisi wengine Dar es Salaam.

Meli niliitaka mimi kwa sababu moja. Sanduku unalifungua mara moja tu, halafu miji ndiyo inayokufuata. Kwa magoti yetu, kupanda na kushuka treni na mizigo ingekuwa adhabu.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Njia yetu ilianzia Ujerumani na kuishia Hungary, lakini siku nyingi zilikuwa za Austria, basi tukaomba kwa Austria. Bima ya matibabu inayolipia gharama zisizopungua euro 30,000 ni lazima, na ombi unaweza kulipeleka hadi miezi 6 kabla ya safari. Tuliambatanisha barua ya kampuni ya meli iliyoonyesha kila gati na tarehe yake. Suala la chakula nalo nililimaliza mapema: nyama halali hawakuweza kutuahidi, samaki na mboga waliahidi, na kitimoto kikakaa mbali na meza yetu.

Kisha nikaweka sheria. Baada ya chai ya asubuhi kila mtu na njia yake. Chakula cha jioni ni lazima wote, na ni marufuku kuuliza "mlikwenda wapi bila mimi?" Walicheka, wakaona najifanya dada mkuu wa bweni. Mimi naamini bila sheria hiyo tungegombana kabla ya Vienna.

Dürnstein, huko Austria, ndiko sheria ilikoonyesha faida. Ni kijiji kidogo cha mashamba ya zabibu, na juu ya mlima yamebaki magofu ya ngome ambamo Mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwaka 1192. Walikosana na Leopold wa Austria huko Akka, kwenye vita vya msalaba. Alipopita nchini mwake akirudi kwao, akakamatwa, na Waingereza wakalipa fedha nyingi mno kumkomboa. Njia ya kupanda ni mawe matupu. Wenye miguu tulipanda, wengine wakabaki chini wakionja jamu ya aprikoti duka hadi duka. Jioni kila upande uliapa kwamba wenzao wamekosa uhondo.

Usiku wa kwanza, chini kidogo ya Passau, kiza kilijaa chumbani ghafla. Nikasogeza pazia: ukuta wa zege wenye ukungu wa kijani, unatiririka maji, karibu kiasi cha kuugusa. Meli ilikuwa imeingia kwenye bwawa jembamba lenye lango mbele na nyuma. Wanafunga, wanatoa maji, meli inashuka mita 10 au zaidi, kisha lango la mbele linafunguka. Hakuna aliyeyumba hata kidogo. Asubuhi nyingine pazia hilohilo lilinikutanisha na mzee wa Kizungu akipiga mswaki, maana gati likijaa meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Lala na pazia limefungwa.

Vienna, meli nyingi hutia nanga karibu na daraja la Reichsbrücke, mbali na mji wa kale. Usilipie basi la kampuni. Treni ya chini ya ardhi ya U1 inakufikisha Stephansplatz, mlangoni pa kanisa kuu. Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, haina haja ya usafiri, ukishuka umefika. Wafalme wa Hungary walitawazwa pale kuanzia 1563 hadi 1830, kwa kuwa Buda ilikuwa imetekwa na Waturuki mwaka 1541.

Waturuki hao ndio waliotufanya tuvunje sheria yangu Budapest. Shoga yangu wa Muscat alisikia kwamba upande wa Buda kuna kaburi la Gül Baba, dervishi (Msufi) wa Kituruki aliyefariki mwaka huohuo wa 1541, akasema haondoki bila kumsomea Fatiha. Tukaenda wote, hata wa magoti, kwa teksi. Ni jengo dogo la pembe nane, kuba juu, mawaridi yakizunguka bustani, na Danube inaonekana chini. Tulisoma, tukakaa mpaka teksi ikaanza kupiga honi.

Sasa wanataka mto Rhine. Nimekubali, ila kijumbe atafutwe mwingine.