Nitakwenda Jumatano

Ratiba ya miezi ijayo ya jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere nimeisoma leo nikiwa nimesimama, mkoba begani, na nusu yake nimeshaiacha. Usiku wa ufunguzi siuendi. Ni hotuba juu ya hotuba, soda na sambusa, na watu wamezipa picha mgongo wakitafutana kwa macho. Kusalimiana kuna raha yake, sikatai, ila si jambo la kunipandisha kilima kizima.

Kilichonishika ni mstari wa chini kabisa: maonyesho ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hayo nitayaendea siku ya kazi, Jumatano hivi, asubuhi, mlinzi bado anakunywa chai na ukumbini hamna msongamano. Marafiki zangu husema kazi za wanafunzi ni za kujifunzia, heri kungoja wakomae. Mimi naona kinyume. Msanii aliyekwisha kupata wanunuzi anajua wanapenda nini. Mwanafunzi hajui bado, kwa hiyo anajaribu hata yasiyouzika.

Tena Makerere ndiko mambo yalikoanzia hivyo. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa mwaka 1937, darasa lake lilikuwa baraza ya nyumba yake. Kufikia 1939 kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimetundikwa London. Jumba hili la sanaa lenyewe lilikuja kufunguliwa 1969, miaka thelathini baadaye! Katika wanafunzi wale wa mwanzo alitoka Gregory Maloba, Mkenya aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala, na akatoka Sam Ntiro.

Huyu wa pili ni wa kwetu Uchagani, basi mnivumilie. Alisoma Makerere, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru wa 1961 akawa balozi wa Tanganyika huko London. (Mkewe, Sarah Nyendwoha, hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya chuo kikuu. Sijui kwenye nyumba hiyo nani alikuwa akimwogopa nani.) Ntiro alichora migomba, mavuno, watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake moja ya 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Nafurahi, lakini furaha hiyo ina mwiba: mimi niliyekulia kwenye migomba hiyo hiyo naitazama kwenye simu.

Baada ya kusoma ratiba nilizunguka nyuma, kwenye karakana. Kijana mmoja alikuwa ametandaza lubugo chini, lile gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa chekundu cha kahawia. Alikuwa amelikata vipande na kuviunga upya kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya makusudi, kama ya jeraha. Mahali ambapo gome lilitoboka alikuwa ameziba kwa vipande vya mfuko wa saruji, maandishi ya kiwanda yakionekana nusu. Nikainama, mkono mbele.

"Dada, hapo usiguse, gundi haijakauka."

Kiswahili! Kampala hii ya Kiganda na Kiingereza, nikajikuta nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nikipiga soga na kijana wa Kakamega. Akaniambia lubugo zamani lilikuwa vazi, na hadi leo ni sanda, kwa hiyo mama mmoja wa jirani hapiti pale bila kumwuliza kafa nani. Hajaamua kazi aiite nini. Walimu wanataka jina na maelezo ya ukurasa mmoja, na maelezo, alisema, yanamchosha kuliko kushona.

Nikamwuliza maonyesho yakiisha, kazi itakwenda wapi. Maana ina urefu wa mlango, na jumba haliwezi kuweka kila kitu.

"Kwa shangazi, Kakamega," akasema. "Ikikubali kuingia kwenye basi."