Punda wanne mbele yangu

Jana nilitoka nyumbani alfajiri, mkoba begani, nikiwahi boti ya Mokowe nipande basi la Mombasa. Hapa Lamu mizigo ya mji mkongwe hubebwa na punda na mikokoteni, na vichochoro vingine vinatosha punda mmoja tu. Nikakutana na wanne wamebeba mchanga. Wa mbele akagoma.

Moyo ulinipanda. Nilifungua kinywa nimkemee kijana mwenye punda, nikamwona ameinama, analegeza kamba iliyomchubua mnyama tumboni, akipangusa mchanga penye kidonda kwa ncha ya kidole. "Niwie radhi, mamangu. Huyu amechoka tangu jana."

Nikaketi kwenye baraza la jirani, nikavuta uradi. Subira yangu huanzia kooni. Nikinyamaza huku koo limekaza, hiyo ni hasira niliyoimeza, na jioni huwatokea wanangu. Nilimaliza tasbihi nzima ndipo likalegea.

Boti ilikuwa imeshaondoka. Nilimpigia dada yangu Mombasa kumwambia nitakuja kesho, kisha nikampelekea yule kijana mafuta ya nazi, ampake punda wake.