Siku Chotara Walipoanguliwa

Mzee aliyenifundisha kufuga nyoka hakupenda ubishi. Nilipomuuliza kama kweli nyoka wa spishi mbili huzaliana, aliniambia nije nijionee.

Alikuwa na jike wa Pantherophis guttatus, nyoka wa Marekani mwenye mabaka mekundu, na dume wa Lampropeltis californiae, mweusi mwenye pete nyeupe. Kazi ilikuwa hapo, maana Lampropeltis hula nyoka wenzake, hata wale wenye njuga na sumu kali. Ukimtilia jike mgeni, huenda akamfanya chakula.

Mzee alianza kwa kumweka dume pamoja na jike wa spishi yake. Alipoona ameshikwa na hamu ya kupanda, akawabadilisha majike upesi. Dume huongozwa zaidi na harufu anayoinasa kwa ulimi, na mara nyingi harufu hiyo ndiyo inayozitenga spishi porini. Mimi nilisimama na fimbo ya kulabu, tayari kuwatenganisha. Dume akampitishia jike ulimi mgongoni, akasita kwa muda ulioniumiza moyo, kisha akapanda. Nilishusha pumzi mikia yao iliposokotana.

Mayai yalikaa kwenye joto kama miezi miwili. Asubuhi moja nikakuta ganda limechanwa na pua ndogo imechungulia. Walitoka mmoja mmoja, wazima, wakali, na hawakufanana: huyu na pete zilizokatika, yule mabaka yaliyoungana mgongoni, na mmoja mwekundu, kama mama yake kabisa. Sijawahi kufurahia kitu kizimbani kama siku ile.

“Spishi hizi mbili ni binamu, mwanangu,” mzee akasema. “Na chotara wao huzaa pia.”

Nikamuuliza kuhusu koboko na chatu. Akatikisa kichwa. Familia zao zilitengana mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Hapo hakuna mtoto. Lakini walio karibu hukutana hata bila mkono wa mtu. Huko New Mexico, nyoka wa njuga Crotalus scutulatus na Crotalus viridis huchanganyika pale maeneo yao yanapopakana. Nako Florida, mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa baadhi ya chatu wa Burma walioenea porini wana vinasaba vya chatu wa India.

Yule mwekundu ndiye aliyeleta mvutano. Mnunuzi mmoja alimtaka akamzalishe na Pantherophis halisi, akaomba jina la baba lisiandikwe, kwa kuwa damu ya baba haionekani kwa macho. Mzee alikataa katakata. Damu ikishaingia kimyakimya kwenye ukoo, alisema, wafugaji wote watakaofuata watakuwa wanadanganywa bila kujua. Nilikuwa upande wake, na bado niko. Mnunuzi aliondoka mikono mitupu, nami nikapewa kalamu niandike majina ya wazazi wote wawili kwenye kila kizimba.