Jinsi nilivyoachana na fangasi wa ukeni waliokuwa wakirudi kila mara

Kilichonisaidia kwanza ni kipimo. Nilikuwa nikipewa dawa kwa kuangalia dalili tu: muwasho, uchafu mweupe mzito. Nafuu inakuja, kisha yanarudi yale yale. Daktari mwingine akaagiza ute uoteshwe maabara na sukari ya damu ipimwe. Hilo la sukari lisipuuzwe kamwe, maana kisukari kisichodhibitiwa huwapa fangasi nguvu. Yangu ilikuwa sawa. Maabara ikaonyesha fangasi aina ya Candida albicans, si Candida glabrata, ambaye mara nyingi hustahimili flukonazoli, dawa ya fangasi.

Nikaandikiwa flukonazoli ya miligramu 150, dozi tatu zinazopishana kwa saa 72, kisha moja kila wiki kwa miezi 6. (Mjamzito asiimeze, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kwanza.) Antibayotiki sasa natumia pale tu daktari anapothibitisha zinahitajika, kwa kuwa huua pia bakteria wanaolinda uke.

Dawa za "kusafisha mwili" sikuzigusa. Ini na figo zina kazi hiyo tayari. Vinywaji vya sukari nilipunguza, ingawa siamini kwamba hilo ndilo lililoniponya. Tangu nimalize dozi, muwasho haujarudi.